Mama mkwe wangu alitulisha Bukedea kwa pesa za wazee

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika humu majuzi kuhusu pesa za wazee. Sina ugomvi naye. Alilalamika kwamba wazee wetu wakishapokea zile shilingi 25,000 za kila mwezi, ambazo serikali ya Uganda huwapa wenye miaka 80 na zaidi, huonekana senta wakila nyama na kunywa soda badala ya kununua mbuzi wa kufuga, akamalizia kwa kusema kwamba pesa za serikali zinaishia chooni. Neno hilo limenikaa kooni siku kadhaa. Mimi ni fundi cherehani wa Walukuba hapa Jinja, kazi yangu ni sare za shule na gomesi, yale magauni marefu ya kinamama yenye mshipi, na sijawahi kuandikia gazeti. Lakini chakula hicho anachokisema nimekila. Nililetewa sahani mezani, nikala nikashiba, na aliyelipa ni mama mkwe wangu mwenye miaka 83. Naomba nieleze ilivyokuwa.

Mwezi wa nane, shule zilipofunga, tulikwenda Ngora, kwao Teso, mimi, mume wangu na watoto wetu wawili kumchukua mama aje tukae naye. Alikuwa ameanguka mara mbili akitoka kuchota maji bombani, na mume wangu, ambaye ni kitinda mimba wake, akasema basi, inatosha. Mama hakutaka kuhama. Alikubali siku ya tatu, na kwa sharti kwamba apokee malipo yake kwanza, maana hulipwa kwa mkupuo wa miezi mitatu, na alisema haendi kwa mkwe mikono mitupu. Zile 75,000 alizifunga kwenye kitambaa akakiingiza ndani ya mshipi wa gomesi. Najua, kwa sababu mimi ndiye niliyemfunga mshipi huo.

Tulitoka asubuhi. Mizigo yetu ilikuwa gunia la karanga, debe la unga wa ulezi uliochanganywa na muhogo, na jogoo mwekundu aliyefungwa miguu. Tulipita Nyero, penye yale majabali yenye michoro ya kale ya miduara. Kijana wangu wa miaka 9 akaomba tushuke aione, tukamwambia safari nyingine. Kumi tukapanda taksi ya Mbale. Chakula tulikuwa nacho: mihogo ya kuchemsha na karanga za kukaanga kwenye kopo la plastiki, ndivyo tunavyosafiri siku zote. Watoto wangu walikuwa hawajawahi kuketi hotelini. Kitu pekee walichowahi kununuliwa njiani ni gonja, ndizi ya kuchoma, ya Najjembe, pale msitu wa Mabira, ambako wauzaji hukimbilia madirisha ya gari na vijiti vya kuku, nawe unalipa huku dereva ameshakanyaga mafuta. Gonja ile ni tamu, siwezi kuisema vibaya. Ila pale mtu hali, anameza.

Tulipokaribia Bukedea tukasikia harufu ya mpira unaoungua, kisha mvuke ukaanza kutoka mbele. Mkanda wa feni umekatika. Vijana walishuka wakalisukuma gari hadi pembeni, mbele ya safu ya maduka, dereva akasema mkanda mwingine utaletwa na boda boda kutoka Mbale, tungoje kama saa mbili. Ilikuwa saa saba mchana, na jua la Teso mnalijua. Tukamketisha mama kivulini, kwenye baraza ya hoteli iliyokuwa karibu, tukiwa na nia ya kuomba kupumzika tu. Mimi nikaanza kufungua kopo la mihogo.

Mama akaweka mkono juu ya kopo. Akasema, "Mwanangu, funika. Leo nataka kula humu ndani."

Alisema kwa Kiswahili. Mimi na yeye lugha yetu ni hiyo. Kiateso changu bado ni cha kuungaunga baada ya miaka 16 ya ndoa, na Kiswahili chake alikipata Tororo, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, ambako marehemu mumewe alikuwa kibarua wa kutengeneza njia mpaka Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977.

Mume wangu alishtuka. Akamwambia, "Mama, hizo pesa ni za dawa zako." Mama akamjibu, "Dawa utaninunulia wewe, ndiyo maana nilikuzaa. Leo mimi nalisha." Akasimama, akashika fimbo yake, akaingia. Sisi tukamfuata kama vifaranga.

Hoteli yenyewe ni chumba kimoja chenye meza nne na mabenchi, sakafu ya saruji iliyopigwa maji punde, na pazia la kitenge kwenye mlango wa jikoni. Jicho la fundi halipumziki. Pindo la pazia lile lilishonwa kwa mkono, mishono midogo iliyolingana, nikajua mwenye mahali hapa hafanyi kazi ovyo. Vyakula vilikuwa vimeandikwa kwa chaki kwenye ubao, kwa Kiingereza. Mama hasomi. Kiswahili kimo ndani ya Katiba yetu kama lugha rasmi ya pili tangu 2005, na mimi natamani siku moja nikione ubaoni pamoja na Kiateso, mahali ambapo watu wanakihitaji. Lakini binti mhudumu aliona macho ya mama yakipita juu ya ubao bila kusimama popote. Hakungoja kuulizwa. Aliinama karibu na sikio lake akamtajia kimoja kimoja kwa Kiateso pamoja na bei, kisha akarudia kwa Kiswahili kwa ajili yangu: atap, yaani ugali wa ulezi, wali, viazi vitamu, maharage, majani ya kunde ya karanga, ng'ombe, mbuzi, kuku wa kienyeji. Aliyezidi wote kwa bei ni kuku, 12,000.

Mama akasema, "Kuku."

Vijana wanaosoma barua hii huenda wasione neno hilo lina uzito gani. Zamani, katika makabila mengi ya nchi hii, mwanamke hakuruhusiwa kula kuku wala mayai. Mama aliolewa wakati huo. Mwenyewe ameniambia jinsi alivyokuwa akifuga, akichinja, akinyonyoa, akipika, akipeleka sahani kwa wanaume na wageni, halafu yeye na watoto wakila mboga jikoni. Baadaye mambo yalilegea na hakuna aliyemkataza tena, lakini mazoea ni sheria nyingine. Katika miaka yangu 16 ya kwenda Ngora sijamwona akijipakulia kuku zaidi ya shingo na miguu. Sasa alikuwa amekaa mbele ya mwanawe na wajukuu wake, na watu wengine wanne mezani kwao, akaagiza kuku kwa sauti ya kawaida kama mtu anayeagiza chumvi dukani.

Mume wangu akaagiza mbuzi, watoto ng'ombe, mimi majani ya kunde. Kisha yule binti akaja na jagi la maji ya vuguvugu, beseni na sabuni. Mama akainuka. Akanyoosha mkono alichukue lile jagi, atunawishe. Sidhani hata alifikiri. Mikono yake ndiyo iliyofikiri, maana maisha yake yote penye jagi na beseni yeye ndiye mwenye kumimina. Binti akarudi nyuma hatua moja, akamwambia taratibu, "Kaa, toto." Toto kwa Kiateso ni mama. Mama akakaa, akakusanya viganja vyake juu ya beseni, maji yakamiminwa. Nilikuwa nimekaa ubavuni mwake. Vidole vya mama vimepinda kwenye viungo na ngozi ya viganja ni ngumu kama soli. Alinawa polepole, kidole baada ya kidole, akasugua na chini ya kucha, na binti hakumharakisha, akawa anamimina kidogo kidogo mpaka jagi likaisha. Mama alipoinua uso macho yalikuwa yamelowa. Hakusema kitu, nasi hatukumuuliza.

Wakati tunangoja chakula ndipo alipotueleza habari ambayo hata mume wangu alikuwa haijui. Walipokuwa Tororo, treni ya abiria iliyokuwa ikitoka Nairobi kwenda Kampala ilikuwa ikisimama pale stesheni, na ilikuwa na behewa la chakula. Yeye alikuwa msichana tu, mtoto mgongoni, anauza ndizi mbivu kwenye jukwaa. Kupitia madirisha aliona watu wameketi mezani, kitambaa cheupe, na mwanamume mwenye koti jeupe akiwapelekea sahani. Alisema kilichomshangaza hakikuwa chakula, kwa sababu alikuwa hakioni vizuri kutoka chini. Alikuwa akiwatazama wanawake waliokaa mle. Walikuwa wamekaa tu, mikono juu ya meza, hawana wanachofanya, chakula kinakuja. "Nikasema na mimi nitakaa hivyo siku moja," alituambia. Halafu reli ikamwachisha mume kazi, wakarudi Ngora, wakalima. Alipita mbele ya hoteli za Kumi na Ngora na kapu la amukeke kichwani, vile viazi vitamu tunavyokata na kuanika juani, akauza, akanunua chumvi na sabuni, akarudi nyumbani kupika.

Chakula kikaja. Atap ilikuwa kubwa, nyeusi, inang'aa juu kwa maji ya mkono wa mpishi. Kuku alikuja kwenye bakuli lake, paja na kipande cha kifua ndani ya mchuzi wa njano, na juu yake firigisi. Msichana wangu wa miaka 14 akamtazama baba yake. Nyumbani kwetu, kama ilivyo kwenu wengi, firigisi ni ya baba, na mwanamke akiila bila idhini ni kesi. Mume wangu aliona tunamtazama. Akachukua kijiko, akaisogeza firigisi ile ukingoni mwa bakuli upande wa mama yake, akasema, "Hii ni yako." Mama akaishika kwa vidole viwili, akaigeuza, akaitazama ilivyopasuliwa na kusafishwa. Akasema mpishi huyu anajua kisu. Kisha akaila. Alitafuna kwa muda mrefu sana, meno yake si mengi, nasi wote tulikuwa tumeacha kula.

Alipomaliza akaomba mpishi aitwe. Akatoka jikoni mwanamke wa rika langu, anajifuta mikono kwenye aproni, uso una wasiwasi, kwa sababu mpishi akiitwa mara nyingi ni lawama. Mama akamuuliza ukwaju wa atap ameuloweka tangu lini. Wakazungumza Kiateso cha haraka nisichoweza kukifuata, wakacheka, mpishi akapiga goti kidogo, mama akamwambia, "Eyalama noi," yaani asante sana. Nimejaribu kumuuliza mume wangu walisema nini, naye alisema mambo ya jikoni tu. Lakini yule mwanamke aliporudi na sahani ya pili ya atap alisema hiyo haimo kwenye hesabu.

Tulikaa pale saa mbili na zaidi. Sikumbuki mara ya mwisho familia yangu kukaa meza moja. Nyumbani mimi hula nikiwa kwenye cherehani, mume wangu hula akirudi saa tatu usiku, watoto hula wanapokuwa na njaa. Siku hiyo kijana wangu alimuuliza bibi yake habari za treni mpaka akachoka, msichana akamsomea bibi ubao wote, neno kwa neno, na kumtafsiria. Hakuna aliyeulizia mkanda wa feni.

Hesabu ilikuja 42,000: kuku 12,000, mbuzi 8,000, ng'ombe sahani mbili 12,000, majani ya kunde 4,000, na soda nne 6,000, maana mimi nilikunywa maji. Mama akaniomba nimfungulie mshipi kidogo, akatoa kitambaa, akafungua fundo kwa meno. Alihesabu noti mezani mara mbili, akampa binti mkononi. Zilizobaki, 33,000, akazifunga tena.

Sasa nirudi kwa msomaji mwenzangu. Anasema mama angenunua mbuzi. Yule jogoo mwekundu aliyekuwa chini ya kiti cha taksi ni mtoto wa kuku wawili ambao mama aliwanunua kwa malipo yake ya mwaka juzi. Kwa pesa hizo hizo amenunua dawa za presha, sabuni, viberiti, na daftari za mjukuu wa jirani ambaye si wake. Lakini sitaki kumtetea kwa hayo, kana kwamba asingefuga kitu angekuwa na kosa. Huyu ni mtu aliyefuga kabla mimi sijazaliwa. Mwishoni mwa miaka ya 1980, vita na wizi wa mifugo vilipoimaliza Teso ng'ombe, walichukuliwa ng'ombe wote zizini, akaanza upya na jembe la mkono akiwa na watoto sita. Nani kati yetu atamfundisha kufuga?

Na tuzitazame hizo 25,000 zenyewe. Ukizigawa kwa siku 30 unapata shilingi 833 kwa siku. Soda moja pale Bukedea ilikuwa 1,500. Ni pesa ndogo, na kwa mzee ni kubwa kwa sababu moja: haombi mtu. Mimi humpa mama chochote nilicho nacho na sijawahi kumnyima, lakini nimeona tofauti ya uso wake akipokea kutoka kwangu na uso wake akihesabu zake mwenyewe kwenye meza ile. Mpango huu wa pesa za wazee, uitwao SAGE, ulipoanza 2010 ulikuwa katika wilaya chache za majaribio, na ilichukua miaka kumi hivi kufika nchi nzima kwa wenye umri wa miaka 80 na zaidi. Wengi walikufa wakingoja. Aliyefika 80 na akapokea, mwacheni achague.

Hata hiyo 42,000 haikwenda chooni. Mpishi aliniambia kuku humnunua kwa jirani na majani ya kunde sokoni Bukedea, na yule binti mhudumu analipwa kwa siku. Ilibaki pale pale Teso, mikononi mwa wanawake.

Ikiwa ndugu yangu ana wino wa kuandika kuhusu pesa za wazee, kuna la kuandika. Hapa Walukuba nina jirani ambaye kitambulisho chake kinasema ana miaka 71, na kitambulisho cha mwanawe wa kwanza kinasema miaka 63. Kila mtu akisoma kadi hizo mbili anaona kwamba moja ina makosa. Ametembea na barua za mwenyekiti na kadi ya ubatizo iliyochakaa mpaka miguu ikavimba, na hajapokea hata shilingi. Nimemshonea mfuko wa kitambaa wa kutunzia karatasi zake zisilowe mvua. Na kuna wale wanaofika kituo cha malipo alfajiri, wakangoja juani bila kiti wala maji, watu wa miaka 80 na 90. Nilimsindikiza mama Ngora nikaona: wengine walikuwa wamelala chini ya mwembe, fimbo kifuani. Viti ishirini na pipa la maji ya kunywa vingewezekana kupatikana kwa kuazima kanisani na shuleni tu. Nawaomba wahusika wa wilaya zote wafikirie hilo kabla ya malipo yajayo.

Kwa yule mpishi wa Bukedea na binti mwenye jagi, kama gazeti hili litawafikia: majina yenu sikuyauliza na najilaumu. Mmemhudumia mama yetu vizuri.

Mama sasa yuko nasi. Asubuhi hukaa mlangoni pa chumba changu cha kazi akinishonea vifungo, na jogoo amezoea uani. Lakini jina lake limeandikishwa Ngora, kwa hiyo malipo yajayo tutayafuata huko huko. Ameshatuambia kwamba gari liharibike au lisiharibike, Bukedea tunashuka. Anataka ile meza ya karibu na mlango, na anataka safari hii jirani yangu wa kitambulisho aje naye, kwa gharama yake yeye mama.

Wako,
Fundi cherehani,
Walukuba, Jinja